Mezani pa Karani: Kiwanja cha Bei Rahisi Kilimani



Jumapili moja ya mwezi wa Mei, baada ya Misa, mzee mmoja wa kigango chetu aliingia ofisini, akavua kofia yake, akaketi, akakaa kimya kitambo kizuri. Kisha akasema, "Karani, mwanangu, leo nataka uniandikie barua kali. Maneno unayo wewe uliyesomea ualimu. Mimi ninayo hasira."

Barua yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa mwanawe wa kwanza akaaye mjini Mwanza. Simu mzee anayo, lakini alisema maneno ya simu hupeperuka na upepo, bali barua hukaa sandukuni ikimngoja mtu aisome tena.

Shauri lilikuwa hili. Miaka mitatu iliyopita mzee aliuza maksai wawili, mwanawe akanunua kiwanja juu ya kilima huko mjini. Mwaka uliofuata akauza ng'ombe wa maziwa, fedha zikaenda kwenye msingi. Mwaka jana fedha za pamba zikaenda huko huko, kwenye msingi. Na sasa kijana ameomba tena, mara ya nne: "Baba, msingi umebaki kidogo tu." Mzee akagonga meza yangu kwa kidole. "Nyumba hii nilalayo, msingi wake tuliuchimba na kuujenga kwa siku sita. Ni msingi gani ulao mali ya mtu miaka mitatu? Kijana anakunywa pombe, Karani. Au amejipatia nyumba ndogo. Andika hivyo."

Kalamu niliishika, lakini moyo ulinizuia. Juma lile lile nilikuwa na safari ya kwenda Mwanza, kwenye ofisi za Jimbo Kuu, kuchukua vitabu vya ubatizo. Nikamwambia, "Baba, barua kali haiozi ikingoja siku tano. Niruhusu kwanza nikatazame kwa macho yangu." Akakubali, ingawa kwa shingo upande.

NILIYOYAONA

Kijana nilimkuta Mwaloni Kirumba, kwenye soko la dagaa, ndiko afanyako kazi ya kupakia magunia. Tukaondoka pamoja kwenda kwenye kiwanja chake. Gari liliishia chini, barabarani. Kutoka pale tulipanda kwa miguu, mara tukipita katikati ya nyumba mbili, mara tukipenya kati ya majabali makubwa kuliko kanisa la kigango chetu. Mimi niliyezoea kuendesha baiskeli kwenda vigangoni nilisimama mara mbili kutafuta pumzi. Njiani tulimkuta mkewe akipanda na ndoo ya mchanga kichwani. Hakutusalimu mpaka alipofika penye kutua mzigo, kwa maana kilimani ukisimama na mzigo, miguu haikubali tena kuondoka.

Tulipofika niliuona msingi. Upande wa juu ukuta ulifika magotini pangu tu. Upande wa chini ukuta ule ule ulinipita kimo, nami si mtu mfupi. Kijana akatoa daftari la shule, akalifungua mbele yangu pasipo kuombwa. Humo ameandika kila mfuko wa saruji, kila lori la mchanga, kila siku ya fundi. Pombe sikuiona. Niliona kilima.

Ndipo nikafikiri kwamba shauri hili si la nyumba moja. Ni familia ngapi za parokia zetu zenye mtoto ajengaye Mwanza? Ni wazazi wangapi wauzao ng'ombe, mpunga au pamba, kisha wakanung'unika kimya kimya kwa kuwa hawajui fedha zinakokwenda? Basi leo nataka tuhesabu pamoja, kama darasani, ili mzazi aliye kijijini ajue ni nini kinachoifanya nyumba ya kilimani iwe ghali, na mtoto aliye mjini ajue la kuuliza kabla ya kununua.

MJI WA MAWE

Wengi wenu mmefika Mwanza, hata kama ni kwa ajili ya hospitali tu. Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, imekaa juu ya kilima, na kila aliyempeleka mgonjwa huko anakijua kilima hicho. Kando ya ziwa lipo jiwe la Bismarck, limekaa juu ya mawe mengine kana kwamba mtoto ameliweka kwa mchezo. Mawe hayo ni ya granaiti, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2, nayo yametapakaa Capri Point, Igogo, Mabatini, Isamilo, Kitangiri na kwingineko.

Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1892. Reli ya kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Mwaka 2000 Mwanza ikapewa hadhi ya jiji. Na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wilaya mbili za jiji, yaani Nyamagana na Ilemela, zina watu zaidi ya milioni moja. Tambarare ya katikati ni ndogo, tena ilichukuliwa zamani na maduka, ofisi, viwanda na reli.

Basi mtu wa kipato kidogo atakaye kukaa karibu na riziki yake ana njia mbili. Apande kilima, au aende mbali, Buswelu, Igoma, Buhongwa au Kisesa, alipe nauli kila asubuhi na kila jioni. Kijana wetu huanza kazi kabla ya mapambazuko. Akachagua kilima, na kwa hilo simlaumu. Viwanja vya kilimani visivyopimwa huuzwa kwa bei rahisi, naye alikuwa na fedha za maksai wawili tu. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba bei ya kiwanja ndiyo bei ya mahali.

HESABU YA MTEREMKO

Tuchukue nyumba ya urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Kwenye ardhi tambarare fundi ataujenga msingi uliotokeza nusu mita juu ya ardhi, kuzunguka nyumba yote. Mzunguko ni mita 36. Ukizidisha kwa nusu mita unapata ukuta wa mita za mraba 18. Huo ni ukuta wa nje peke yake, nasi tuuache wa ndani ili hesabu iwe nyepesi.

Sasa ipeleke nyumba hiyo hiyo kilimani, mahali ambapo kila mita 5 ardhi hushuka mita 1. Huo si mteremko wa kutisha. Mwanza iko mikali zaidi. Ukiilaza nyumba kwa urefu wake kufuata mteremko, mwisho wa chini utakuwa mita 2 chini ya mwisho wa juu. Ukuta wa juu utabaki nusu mita. Ukuta wa chini utakuwa mita 2 na nusu. Kuta mbili za ubavuni zitaanza na nusu mita na kuishia mita 2 na nusu. Jumlisha: 4, na 20, na 30. Ni mita za mraba 54. Msingi umekuwa mara tatu, wala chumba hata kimoja hakijaongezeka.

Hayo ni mawe na saruji. Bado kujaza ndani ili sakafu iwe sawa. Juu ya kifusi cha kawaida cha nyumba ya tambarare, kilima kitadai kingine cha mita za ujazo 80. Lori lichukualo mita 5 litakwenda safari 16. Hapo ndipo alipokuwa kijana wetu. Kuta za msingi alikwisha kuzimaliza, na ndani palikuwa shimo linalongoja kujazwa. "Msingi umebaki kidogo tu" lilikuwa neno la kweli kwa macho yake, lakini kidogo hicho kilikuwa malori 16.

HESABU YA KICHWA

Wanafunzi wangu wa zamani watacheka, maana shuleni hesabu ya kichwa ni ile isiyoandikwa. Hii ya Mwanza ni ya kichwa kwa sababu vitu hupandishwa kwa kichwa.

Lori haliwezi kupanda kati ya majabali. Humwaga mchanga chini barabarani, na kutoka pale kila kitu kinamtaka mtu: mchanga, kokoto, saruji, mbao, mabati, hata maji. Lori la mchanga la tani 7 ni ndoo kama 230 za lita 20, maana ndoo moja ya mchanga ina uzito wa kilo 30 hivi. Katika daftari la kijana lori hilo liliandikwa shilingi 130,000. Kuipandisha kila ndoo vibarua walidai shilingi 500. Ndoo 230 ni shilingi 115,000. Yaani mchanga uliosafiri kilomita nyingi kwa gari ulilipiwa tena karibu bei ile ile kwa mwendo wa mita mia chache. Kwingine bei huzidi au hupungua kwa kadiri ya urefu wa kilima, lakini desturi ni hiyo.

Na kile kifusi cha mita za ujazo 80? Kila mita moja ya ujazo ni ndoo 50. Ni ndoo 4,000. Kwa bei ile ile ni shilingi 2,000,000, kabla ya kulipa kifusi chenyewe. Ndiyo maana mke wa kijana alikuwa akipanda na ndoo mwenyewe, mara nane kila jioni, ili shilingi 4,000 zibaki nyumbani. Mzee aliposema "anakunywa," mkwe wake alikuwa akibeba.

JIWE NI RAFIKI, TENA NI ADUI

Mtu atasema, "Mwanza mawe ni bure." Ni kweli kwa sehemu. Mwenye mawe kiwanjani mwake hanunui mawe ya msingi, na msingi wa mawe mazuri hudumu kuliko wa tofali. Kina mama na wazee wengi wanaishi kwa kuponda kokoto kwa nyundo kando ya njia, kazi ngumu yenye malipo madogo. Tusibishane nao bei kana kwamba jasho lao ni maji.

Lakini jabali likikaa mahali ambapo chumba kinapaswa kukaa, rafiki amegeuka. Wavunja mawe huwasha moto juu yake kwa kuni au kwa mipira mikuukuu ya magari, na jiwe lililopata joto hupasuka, likamaliziwa kwa nyundo na mtaimbo. Ni kazi ya siku nyingi, na moshi wa mipira ni sumu kwa avutaye na kwa watoto wa jirani. Afadhali kuigeuza nyumba ilikwepe jabali kuliko kushindana nalo.

Tena liko jambo kubwa kuliko fedha. Jiwe lililo juu ya nyumba yako linashikwa na udongo ulio chini yake. Ukiuchimba udongo huo upate uwanja, au mvua ya masika ikiupeleka, jiwe halina tena pa kuegemea. Watu wa Katesh, chini ya mlima Hanang, waliona tarehe 3 Desemba 2023 jinsi matope na mawe yanavyoshuka. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mjini Freetown, nchi ya Sierra Leone, tarehe 14 Agosti 2017 ubavu wa mlima uliokatwa miti na kujengwa nyumba uliporomoka baada ya mvua, na waliokufa na kupotea walizidi 1,000. Kilima husamehe mara nyingi, lakini si mara zote.

MAJI YANAYOONEKANA TU

Kutoka kiwanja kile ziwa lote liko mbele ya macho. Hata hivyo maji ya kukorogea zege yalinunuliwa kwa madumu. Maji ya bomba hupandishwa kwa pampu, na kadiri kilima kinavyopanda ndivyo nguvu yake inavyopungua. Saruji nayo haina subira. Zege lisilomwagiwa maji siku saba za kwanza hukauka upesi na kupasuka. Mjenzi wa kilimani apimaye maji kwa kijiko kwa sababu ni ghali anaidhoofisha nyumba yake mwenyewe.

Halafu choo. Kijijini tunachimba shimo siku tatu, shauri limekwisha. Kilimani sururu hugonga mwamba kabla shimo halijafika magotini. Wengine hujenga choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, na mvua ikija wanakifungulia kwenye mfereji. Wanaopokea ni majirani wa chini. Ndugu zangu, hapa hatuongei tena juu ya ujenzi, tunaongea juu ya amri ya mapendo. Kipindupindu hakiulizi ni nani aliyefungua. Katika baadhi ya vilima vya Mwanza yamelazwa mabomba membamba ya kuchukua maji machafu kutoka nyumba hizo. Mnunuzi aulize kwanza kama bomba hilo limepita karibu na kiwanja. Kama halikupita, aweke gharama ya shimo lililojengewa na ya kulinyonyesha kila lijaapo.

VITOKAVYO MBALI

Mengine humpata kila mjenzi wa Mwanza, wa kilimani na wa bondeni. Saruji yetu nyingi hutoka viwanda vya pwani, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000.  Kwa hiyo bei ya dizeli ikipanda, mfuko wa saruji huku ziwani hupanda nayo. Kazi ya reli mpya ya kutoka Mwanza hadi Isaka ilizinduliwa mwezi wa Juni 2021, nasi tunatumaini siku moja itapunguza mzigo huo.

Vya karibu navyo tunavyo. Mbao za misonobari hupatikana katika mashamba ya miti ya serikali ya Rubya, kisiwani Ukerewe, na Buhindi, upande wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, malori ya upande ule hayangoji tena kivuko. Matofali ya kuchoma hutoka vijijini kwetu, lakini tukumbuke kwamba tanuru moja hula miti mingi, na miti ni nguo ya ardhi. Yapo pia matofali ya udongo na saruji kidogo, yashindiliwayo kwa mashine ya mkono na kufungamana, wala hayachomwi. Udongo unaofaa ukiwa kiwanjani, hata kupandisha kwapungua.

Wengine huona haya yote wakasema, "Basi nitajenga chini, kando ya ziwa, penye tambarare." Wazee wanaokumbuka mvua za mwaka 1961 watawaambia kwamba kutoka mwaka ule mpaka 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilirudi tena kwenye kimo kile na kukipita, likaingia nyumba za watu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ziwa linaijua mipaka yake kuliko dalali.

LA KUFANYA

Bwana wetu alikwisha kutufundisha, katika Luka sura ya 14, juu ya mtu aanzaye mnara pasipo kuketi kwanza kupiga hesabu, akawa kichekesho cha wapitao. Na katika sura ya 6 alimsifu ajengaye juu ya mwamba. Lakini angalieni, mtu yule alichimba sana kwanza. Mwamba ni mwema, ila una jasho lake. Basi kabla ya kutoa shilingi moja, mnunuzi na afanye haya.

Kwanza, akitazame kiwanja wakati wa mvua, siyo kiangazi tu. Aone maji yanapita wapi, na ni jiwe gani lililo juu yake.

Pili, apime mteremko. Hahitaji chombo cha ghali. Mpira mwembamba uliojazwa maji na miti miwili vyatosha. Maji katika ncha mbili za mpira hukaa kimo kimoja daima. Akiona kila mita 5 ardhi imeshuka mita 1, ajue msingi ni mara tatu.

Tatu, apige mtaimbo sehemu tano za kiwanja. Ukizama, kuna udongo wa kukata. Ukilia, kuna jabali.

Nne, ailaze nyumba kukingama mteremko, upande mrefu ukifuata ubavu wa kilima. Nyumba yetu ya mita 10 kwa 8 ikigeuzwa hivyo, ardhi itashuka mita 1 na sentimita 60 badala ya mita 2. Na penye udongo, akate nusu ya juu na kujaza nusu ya chini. Hapo kifusi chatoka kiwanjani humo humo, wala hakuna ndoo inayopanda.

Tano, aulize bei ya kupandisha kabla ya bei ya vitu. Ahesabu hatua kutoka lori linaposimama.

Sita, achimbe mfereji juu ya nyumba, na katika kila ukuta wa kuzuia udongo fundi aache matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu husukumwa na maji mpaka uanguke. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huku kwetu, usipotoboa ukuta utaujenga tena.

Saba, aende ofisi ya ardhi na ya mtaa kuuliza kama mahali panaruhusiwa, achukue kibali cha ujenzi, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Aliyebeba ndoo asiachwe nje ya karatasi.

BARUA ILIVYOANDIKWA

Niliporudi nilimkuta mzee akinisubiri mlangoni. Nikamsomea niliyoyanakili katika daftari, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye ndoo za mkwewe alinyosha mkono, ishara ya kuninyamazisha. Akakaa. Kisha akauliza, "Mbona hakuniambia?"

Swali hilo nami nilikuwa nimemwuliza kijana, na jibu lake nililihifadhi. Alisema aliona aibu. Alinunua kiwanja haraka, pasipo kumwita baba yake aje akione, kwa kuogopa mwingine asije akakichukua. Mambo yalipokuwa magumu alihofu kuambiwa, "Ungeniuliza." Kwa hiyo kila mara akaandika neno fupi, fedha, wala hakueleza kilima.

Mzee akatikisa kichwa. "Na mimi miaka mitatu nilituma fedha, sikutuma hata swali moja." Kisha akacheka kidogo. "Tena huyo fundi wa mjini ni mtu wa ajabu. Udongo unapandishwaje kutoka chini, na kilima chote kiko juu ya nyumba?"

Barua kali haikuandikwa. Iliandikwa nyingine, mistari minne: kwamba kijana asinunue kifusi, kwamba atafute fundi mwingine wa kutoa shauri, kwamba baba yake anakuja mwezi wa saba, pamba ikiisha kuvunwa, na kwamba mkwe apumzike na ndoo.

Mwezi wa saba mzee alikwenda, yeye na wanawe wawili wadogo, wakiwa na sururu na makoleo. Fundi wa pili aliwashauri wasiifanye sakafu iwe moja, bali waikate katikati iwe na ngazi ya mita 1, vyumba viwili chini na viwili juu. Kwa shauri hilo tu kile kifusi cha mita 80 kikawa 40. Nao udongo waliupata nyuma ya nyumba, upande wa juu, kwa kuchimba uwanja mdogo na mfereji wa maji, mbali na majabali. Udongo ukashuka kwa makoleo na toroli. Walimaliza siku ya kumi na tisa. Mzee alirudi na malengelenge mikononi, na kofia yake imejaa vumbi la Mwanza.

Kuta hazijaanza bado. Mwaka huu hakuna cha kuuza, na mdogo wao wa mwisho anaingia kidato cha kwanza. Lakini Jumapili iliyopita mzee alipita tena ofisini, akaniomba karatasi moja tupu. Alitaka kumwuliza mwanawe mabati ya geji gani yanafaa mahali penye upepo wa ziwa. Barua hiyo alisema ataiandika mwenyewe.